Mtoni: Nyumba ya Shamba Kando ya Kijito

Anayefika kwenye magofu ya Mtoni kwa mara ya kwanza huvutwa na matao, na kuta ndefu zilizoachwa wazi kwa jua na mvua. Mimi humshauri ainue macho kidogo juu ya vizingiti vya milango. Huko ukutani kuna safu za matundu, moja baada ya jingine, kwa mpangilio usiobadilika. Kila tundu lilishika ncha ya boriti ya mkoko, na juu ya boriti hizo ndipo ilipokaa sakafu ya ghorofa na dari ya chumba cha chini. Boriti ya mkoko ina kikomo chake: haivuki nafasi kubwa, mita tatu hivi na kidogo. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba, hata vya mfalme. Sultani angeweza kuagiza vioo na saa kutoka Ulaya, lakini upana wa chumba chake uliamuliwa na mti wa kwenye matope ya mikokoni.

Mtoni iko kilomita 5 hivi kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye njia ya Bububu, pale kijito kinapoingia baharini. Vitabu vya watalii huiita kasri, na kasri ilikuwa. Lakini kabla ya kuwa kasri lilikuwa shamba, na hata ilipokuwa kasri haikuacha kuwa nyumba ya shamba. Jambo hilo husahaulika kwa sababu kilichobaki kimesimama ni mawe ya bwana, na mawe husema kwa sauti kubwa kuliko udongo.

Kijito na meli

Unguja ina sura mbili. Mashariki ni nchi ya mawe, ardhi nyembamba juu ya matumbawe ya kale, ambako mvua ikinyesha huzama chini mara moja. Magharibi kuna vilima vya chini, udongo mzito na vijito vichache vinavyofika baharini vikiwa na maji matamu. Kijito cha Mtoni ni kimojawapo. Kwa mkulima kilikuwa neema, na kwa nahodha kilikuwa neema zaidi. Katika karne ya 19 meli zilizotia nanga mbele ya mji zilipeleka mapipa Mtoni kujaza maji ya safari, maana maji ya visima vya mjini yalikuwa na chumvi na uchafu. Mtu aliyemiliki ardhi ile alikuwa ameketi mlangoni pa bahari akiwa na kitu ambacho kila chombo kilikihitaji.

Mtu huyo, mwanzoni mwa karne, alikuwa Saleh bin Haramil al-Abri, Mwarabu wa Oman aliyekuwa na mahusiano ya karibu na Wafaransa wa visiwa vya Mascarene. Kupitia kwao ndipo mkarafuu ulipofika Unguja. Mti huu asili yake ni visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi waliulinda kwa wivu ili bei isishuke. Mnamo 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche na kuipeleka Île de France, ndiyo Mauritius ya leo, na kutoka huko ikasambaa hadi Bourbon, yaani Réunion. Katika muongo wa 1810 Saleh akaileta Unguja na kuipanda katika mashamba yake mawili, Mtoni na Kizimbani.

Wakati wenyewe haukuwa wa bahati tu. Mwaka 1822 Waingereza, kwa mkataba uliobeba jina la Kapteni Moresby, walimfunga Sultani wa Oman asiwauzie Wakristo watumwa, na mkono wa mkataba huo uliwalenga hasa Wafaransa wa visiwani waliokuwa wateja wakubwa. Biashara ikakatwa mguu mmoja. Wafanyabiashara waliobaki na watu waliowanunua bara na wasioweza kuwauza kusini, waliona njia nyingine: kama watumwa hawawezi kupelekwa kwenye mashamba ya Wafaransa, mashamba yaje kwao. Mkataba uliokusudiwa kupunguza utumwa ukausukuma utumwa shambani, Unguja yenyewe.

1828: Shamba linabadili mwenyewe

Seyyid Said bin Sultan alitawala Oman tangu 1806. Alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, na inaonekana kisiwa kilimkaa moyoni papo hapo: kijani kibichi, bandari nzuri, mbali na ugomvi wa makabila ya Oman na mbali na jua la Muscat. Hakukawia kuona pia kwamba mtu mwenye nguvu zaidi kisiwani baada ya liwali alikuwa Saleh bin Haramil, na kwamba Saleh hakuwa wa upande wake katika siasa za koo za Oman.

Mkataba wa Moresby ukawa fimbo. Saleh akashtakiwa kwamba aliendelea kuuza watumwa kinyume cha mkataba, na mashamba yake yakataifishwa na Said mwenyewe. Hivyo ndivyo Mtoni ilivyopata bwana mpya. Sioni haja ya kumwonea Saleh huruma nyingi. Hakuwa mtu wa mikono safi. Lakini inafaa kukumbuka kwamba kasri lililokuja kusifiwa kwa bustani na tausi lilianza kwa kunyang'anywa, na kwamba hoja iliyotumika kumnyang'anya mtu shamba kwa kosa la utumwa ilitumiwa na mtu aliyelijaza shamba lile lile watumwa.

Ujenzi uliendelea hadi mwaka 1832 hivi. Waashi walitumia vitu vya pwani: mawe ya matumbawe, chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya kuni, mchanga, na boriti. Kuta zilikuwa nene, zikapigwa lipu nyeupe. Nyumba ilielekea bahari, kijito kikiwa ubavuni, na maji yakaelekezwa kwenye mabirika na hamamu. Shamba likawa na nyumba inayolingana na mwenyewe.

Minazi kwa mikarafuu

Said alikuwa mfanyabiashara kuliko alivyokuwa mtu wa vita. Aliamrisha wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii ardhi yake ilikuwa hatarini. Mwenyewe aliongoza. Binti yake Salme aliandika baadaye kwamba baba yake alikuwa na mashamba 45.

Mkarafuu haumpi mtu kitu kwa haraka. Huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa vizuri, na ukishaanza unadai mikono mingi kwa wakati mmoja. Vikonyo lazima vichumwe kabla ua halijafunguka, pale vinapoanza kuwa vyekundu; ukichelewa siku chache, thamani imekwenda. Wachumaji hupanda mtini, huvuta matawi kwa kamba, hukata vishada. Chini karafuu huchambuliwa kutoka kwenye makonyo yake kwa vidole, moja moja, kisha huanikwa juani juu ya majamvi siku kadhaa hadi zigeuke kahawia iliyokoza. Mvua ikija ghafla, kila mtu hukimbia. Kazi hii yote ilifanywa na watu waliotekwa au kununuliwa bara, wengine kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, wengine mbali zaidi. Desturi iliyoenea ilikuwa kufanya kazi ya bwana siku tano na kuachiwa Alhamisi na Ijumaa kulima kipande cha muhogo cha kujilisha, jambo lililompunguzia bwana gharama ya chakula.

Mwaka 1840 meli ya Said, Sultana, ilifika New York ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Ndani yake, pamoja na tende, kahawa, mazulia na pembe za ndovu, mlikuwa na magunia 135 ya karafuu. Wamarekani walikuwa wameshafanya mkataba wa biashara na Said tangu 1833, na kitambaa chao kilipata jina tunalolitumia mpaka leo: merikani.

Karafuu zilipozidi, bei ikaporomoka. Kufikia miaka ya 1840 wenye mashamba wengi walikuwa wamekopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi kwa matumaini ya bei ya zamani, na shamba likawa rehani. Said hakuyumba sana; alikuwa na ushuru wa forodha na meli zake. Waliobaki walijifunza kwamba mti unaopandwa kwa amri haungojei amri kushuka thamani.

Hapa ndipo magofu yanapotuacha njiani. Mtoni inatuonyesha vyumba vya bwana, hamamu, msikiti. Haituonyeshi walikolala wachumaji. Kwa hilo lazima twende Pemba, Mgoli, ambako mwanaakiolojia Sarah Croucher alichimba shamba la karafuu la karne ya 19 na baadaye akaandika kitabu kuhusu maisha ya mashambani Zanzibar, kilichotoka mwaka 2015. Kazi yake iligeuza swali. Badala ya kuuliza jinsi tajiri alivyopamba sebule, iliuliza nani alipika, kwenye chungu gani, nani aliketi kwenye baraza na nani alisimama uani, na karafuu zilianikwa wapi kwa kulinganisha na mlango wa nyumba. Vyungu vya udongo vilivyofinyangwa hapa hapa kisiwani, na ndani yao mapishi ya wanawake, vina mengi ya kusema kuhusu shamba kuliko sahani za Ulaya zilizopangwa kwa kujionyesha. Mtu akiirudia Mtoni baada ya kusoma habari za Mgoli, huanza kuutazama uwanja ulio nje ya kuta, mahali ambapo hakuna kitu cha kupiga picha.

Nyumba ya watu elfu, 1844–1856

Shahidi wetu mkubwa wa maisha ya ndani alizaliwa humo tarehe 30 Agosti 1844. Ni Sayyida Salme, binti wa Said na suria wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan. Aliishi Mtoni mpaka alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, kisha akahamia mjini na mama yake. Miaka mingi baadaye, akiwa Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Zilichapishwa mwaka 1886.

Mtoni ya Salme ni kelele. Anakisia kwamba waliishi humo watu elfu moja. Kiarabu ndicho kilichotakiwa mbele ya Sultani, lakini akigeuka tu zilisikika Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. Uani walitembea tausi, paa, mbuni na heroe, na watoto waliwafukuza na kufukuzwa nao. Upande wa bahari palikuwa na banda la duara, benjle, ambako Said alitembeatembea huku na huko akitazama vyombo vyake, na familia ya watu wazima ikanywa naye kahawa. Hamamu hazikukaa tupu, maana watu wengi wa nyumba ile waliswali mara tano na kila swala ina udhu wake. Hapo kijito kilikuwa kinafanya kazi kuliko yeyote.

Mwenye nyumba hakuwa Said peke yake. Mke wake mkuu, Azza bint Seif wa ukoo wa kifalme wa Oman, aliitawala Mtoni kwa mkono mgumu, na Salme hakumpenda. Said aligawa wiki: siku nne Mtoni, siku tatu Beit al-Sahel mjini. Kwa mtawala ambaye dola yake ilianzia Ghuba hadi Cape Delgado, hiyo ni dalili kwamba shamba ndilo lililokuwa nyumbani, na mji ulikuwa ofisi.

Kuna jambo moja katika utoto wa Salme ambalo lina mkia mrefu. Wasichana walifundishwa kuisoma Kurani, kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao. Kalamu hiyo ya wizi ndiyo iliyomfanya, mwaka 1859, awe mwandishi wa barua za waasi wakati kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao mwingine, Majid. Uasi ulishindwa, Salme akabaki mpweke kati ya ndugu. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya kivita ya Kiingereza akiwa na mimba ya Mjerumani Heinrich Ruete, na akaolewa Aden mwaka uliofuata. Na ni kalamu hiyo hiyo iliyotuachia maelezo ya vyumba ambavyo sasa havina paa.

Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, njiani kutoka Oman. Watoto wake waliobaki hai walikuwa 36. Dola ikagawanyika: Thuwaini akabaki na Oman, Majid akapata Zanzibar, na Waingereza wakaupiga muhuri mgawanyo huo mwaka 1861. Mtoni ilikuwa nyumba ya mtu mmoja na jamaa yake kubwa. Alipoondoka, warithi walikuwa na majumba yao na magomvi yao.

Barua ya Majid ufukweni mwa Mweru, 1866–1869

Ili kuona Mtoni ilivyofika mbali, inabidi tuiache pwani. Karafuu zilikuwa nusu ya utajiri. Nusu nyingine ilikuja juu ya vichwa vya wapagazi. Pembe za ndovu, shaba na watu viliteremka kutoka nchi ambazo wengi wa watu wa Unguja hawakuziona kamwe, na mojawapo ya ncha za mbali za njia hizo ilikuwa Ziwa Mweru, pale ambapo leo kuna Nchelenge, Kashikishi na vijiji vya wavuvi kama Kafutuma, upande wa Zambia.

Mwaka 1866 David Livingstone aliondoka Unguja akiwa na barua ya Majid ya kumtambulisha kwa Waarabu na Waswahili wa bara. Mwaka uliofuata, katika nchi ya Itabwa mashariki ya Mweru, alikuta njia imefungwa na vita. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alikuwa amepambana na Nsama, mtawala wa Itabwa, na kumshinda. Nchi nzima ilikuwa imechafuka. Livingstone alionyesha barua ya Sultani kwa wafanyabiashara, wakampokea, lakini akalazimika kungoja zaidi ya miezi mitatu mpaka pande mbili zilipopatana. Tarehe 8 Novemba 1867 akaliona Ziwa Mweru.

Kutoka hapo akaenda kwa Kazembe, mfalme wa Walunda wa bonde la Luapula. Huko alimkuta Muhammad bin Saleh, mzee mweusi mwenye ndevu nyeupe, Mwarabu wa pwani aliyekuwa amekaa miaka mingi kwa Kazembe mmoja baada ya mwingine bila kuachiliwa kurudi kwao. Livingstone akamsaidia kupata ruhusa, na wakaondoka pamoja kuelekea Ujiji, ambako Livingstone alifika Machi 1869.

Nimemtaja mzee huyu kwa sababu anakaa katikati ya dunia mbili za ujenzi. Mji wa Kazembe haukuwa wa mawe. Ulikuwa wa miti, nyasi na udongo, na kila Kazembe aliyetawazwa alijenga mji wake mahali pengine karibu na maji ya Mofwe. Miji ya watangulizi ilirudi porini. Wareno waliokwenda kwa Kazembe mwaka 1798, wakati kiongozi wa msafara wao Lacerda alipofia huko, hawakuzuru mji ule ule aliouona Livingstone. Ulikuwa mji mkuu wa dola yenye ushuru, majeshi na adabu za barazani, na juu ya ardhi umeacha kidogo sana. Mtu asiyejua angepita Luapula na Unguja siku moja baada ya nyingine akahukumu kwamba huku kulikuwa na ustaarabu na kule hakukuwa. Angekuwa amelinganisha chokaa na udongo, akadhani analinganisha watu.

Na Mtoni kwenyewe, mtumwa aliyechuma karafuu alilala kwenye kibanda cha miti na udongo. Nyumba yake ilikuwa jamaa ya nyumba za Mweru kuliko ilivyokuwa jamaa ya hamamu iliyokuwa hatua chache kutoka hapo. Vyote viwili, kibanda na mji wa Kazembe, vimetoweka kwa njia moja.

Tufani na mabomba, 1872–1888

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja. Theluthi mbili hivi ya mikarafuu ya kisiwa iliangushwa. Pemba ilipona kwa sehemu kubwa, na tangu hapo uzito wa zao la karafuu ukahamia kule, ambako umebaki mpaka leo. Mwaka mmoja baadaye Barghash, aliyekuwa Sultani tangu 1870, alilazimishwa kufunga soko la watumwa. Mti umeanguka, na njia ya kuwapata wa kupanda mwingine kwa bei ya zamani imezibwa: kwa mashamba ya aina ya Mtoni hayo yalikuwa mapigo mawili ndani ya miezi 14.

Barghash alikuwa mjenzi, lakini hakujenga Mtoni. Karibu nayo, upande wa mji, alijenga kasri la Marhubi mnamo 1880 kwa ajili ya masuria wake. Mjini akajenga Beit al-Ajaib, iliyokamilika 1883. Jambo lililoiumiza Mtoni kimya kimya zaidi ya fahari ya jirani lilikuwa maji. Barghash alivuta maji ya chemchemi kwa mifereji na mabomba hadi mjini. Sifa iliyokifanya kijito cha Mtoni kuwa cha pekee, maji matamu karibu na nanga, ikawa inapatikana kwa kufungua bomba.

Mwaka 1885 Salme alirudi kwa mara ya kwanza tangu kutoroka, akiwa na meli za kivita za Ujerumani, katika mchezo wa siasa ambao yeye alikuwa karata tu. Alikwenda kuitazama nyumba aliyozaliwa na akaikuta ni gofu. Ni miaka 29 tu tangu kifo cha baba yake. Mtu anaweza kushangaa jinsi kuta nene vile zilivyoanguka upesi, lakini nyumba ya mawe ya pwani haifi kutoka nje. Dari likipasuka na lisizibwe, maji hupenya kwenye sakafu ya chokaa na kuzilowesha boriti. Boriti huoza kwenye ncha zake, ndani ya tundu, mahali pasipoonekana. Siku moja sakafu nzima hushuka. Ukuta uliokuwa umefungwa na sakafu zile hubaki peke yake, hupinda, mizizi ya mtini huingia kwenye nyufa. Nyumba inayokaliwa hufanyiwa ukarabati mdogo wa kuziba nyufa za dari kila baada ya masika. Mtoni haikuwa na wa kuufanya.

Ghala, reli, matangi

Karne ya 20 naipita haraka, maana nayo iliipita Mtoni haraka. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, ingawa masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Marhubi iliungua 1899. Mwaka 1905 reli ndogo ya Wamarekani ilianza kwenda Bububu, ikapeleka abiria upande huu wa kaskazini kwa miaka kadhaa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia sehemu ya Mtoni ilitumika kama ghala, na baadaye matangi ya mafuta yakawa jirani zake. Ukiyatazama kwa jicho la mwanahistoria, matangi hayo hayako mahali pageni: yapo hapo kwa sababu ile ile iliyowaleta mabaharia na mapipa yao, ufuko unaofikika na meli, karibu na mji.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ya mashamba ilichukuliwa na serikali, na kuanzia 1965 ikagawiwa kwa wananchi kwa vipande vya eka tatu tatu. Wajukuu wa waliochuma karafuu za wengine wakapata mikarafuu ya kuchuma wenyewe, ingawa mnunuzi alibaki kuwa serikali. Magofu hayakuwa na mahali wazi katika hesabu hiyo. Hayakuwa eka za kulimwa wala fahari ya kuoneshwa. Hamu ya kuyahifadhi ilikuja baadaye, wakati wa utalii, Mji Mkongwe ulipokuwa umeingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Vichaka vilifyekwa, kuta zikaegemezwa, na usiku fulani taarabu ikasikika uani pale ambapo heroe walikuwa wakitembea.

Simchukii anayekwenda kusikiliza taarabu Mtoni. Mimi mwenyewe ningekaa. Ninachokataa ni mwongozaji anayemaliza hadithi kwenye benjle na kahawa. Mtoni bado ina sehemu kubwa isiyosomwa, nayo haiko ukutani. Iko kati ya ukuta na kijito, na kuelekea bara ambako mikarafuu ya Saleh bin Haramil ilianza. Huko, kama palichimbiwa nguzo za vibanda, nguzo zenyewe zilioza zamani, lakini shimo lililochimbwa kwa ajili ya nguzo hujaa udongo wa rangi nyingine. Tundu la boriti kila mpita njia huliona ukutani. Tundu la nguzo ya kibanda ni doa jeusi la duara kwenye ardhi nyekundu, na huonekana tu siku ardhi inapokwanguliwa kwa mwiko, polepole, asubuhi, kabla jua halijaikausha na kuifanya yote rangi moja.